Ndoa za jinsia moja mbele ya sheria: tujadili vifungu, tuache vijembe

#1 MezaYaMuswada (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mada hii ikianzishwa, kurasa za mwanzo huwa ni kushutumiana na za mwisho huwa ni matusi. Naomba uzi huu tuutumie kwa kazi nyingine: tulichambue suala hili jinsi lilivyo ndani ya sheria. Unayeunga mkono karibu, unayepinga karibu, ila kila mmoja aseme anaunga au anapinga kifungu gani. Mtu akisema "napinga ndoa za jinsia moja" hajaniambia kama anapinga mjane kubaki kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu, au anapinga mchungaji kulazimishwa kufungisha, au anapinga neno lenyewe. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina jibu lake.

Kwa mtazamo wangu, "kutambua kisheria" ni maswali matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja. La kwanza: nani anaruhusiwa kufungishwa ndoa na mamlaka ya nchi? La pili: ndoa ikishafungwa inazaa nini? Hapa ndipo penye mirathi, kodi, pensheni, ukaazi, uamuzi wa matibabu, watoto, talaka. La tatu: ndoa iliyofungwa nchi nyingine inapokelewa vipi?

Nchi inaweza kuyajibu tofauti kabisa. Israel haifungishi ndoa hizi ndani ya mipaka yake, lakini tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2006 inaziandikisha zilizofungwa nje. Romania nayo haizifungishi. Hata hivyo, katika kesi ya Coman, tarehe 5 Juni 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba neno "mwenzi wa ndoa" kwenye sheria ya uhuru wa raia kutembea na kuishi linamjumuisha mwenzi wa jinsia moja. Angalieni upana wa hukumu ile: inampa mwenzi haki ya ukaazi tu, haigusi mirathi wala haiilazimishi Romania kufungisha.

Uholanzi ndiyo iliyotangulia kujibu swali la kwanza kwa "ndiyo", tarehe 1 Aprili 2001, kwa sentensi moja tu kwenye Sheria ya Madai: ndoa inaweza kufungwa na watu wawili wa jinsia tofauti au wa jinsia moja. Sentensi ni fupi. Kilichofuata si kifupi, na ndicho nataka tukijadili.

#2 Kidato_cha_Sita

Mkuu, kabla hatujafika mbali naomba kueleweshwa. Nchi ikiondoa kosa la jinai kwa uhusiano wa jinsia moja, si ndiyo tayari imezitambua ndoa hizo? Naona watu wanayachanganya haya mawili kila siku.

#3 BintiMizani

Mdogo wangu, umeuliza swali la msingi. Hapana, si kitu kimoja, na pengo kati ya hayo mawili linaweza kuwa la miaka mingi au lisizibwe kabisa.

Kufuta jinai maana yake ni kwamba dola inaacha kumkamata mtu. Kutambua ndoa maana yake ni kwamba dola inachukua wajibu kwa ajili yake: kuandikisha, kulipa mafao, kugawa mali, kusikiliza talaka. La kwanza ni kuondoa mkono, la pili ni kuuweka. Uingereza na Wales walianza kufuta jinai 1967, ndoa zikaanza 2014. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilifuta jinai 1998, ndoa zikaja mwishoni mwa 2006. India ni mfano mzuri zaidi: Mahakama ya Juu ilifuta jinai 2018, na mahakama hiyohiyo tarehe 17 Oktoba 2023 ikakataa kwa kauli moja kwamba Katiba inatoa haki ya msingi ya kufunga ndoa. Msumbiji ilianza kutumia kanuni mpya ya adhabu isiyo na kosa hilo 2015, Angola 2021, na Botswana Mahakama ya Rufani ilithibitisha kulifuta 2021. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayofungisha ndoa hizi.

Kwa hiyo mtu anaweza kabisa kuunga mkono la kwanza na kukataa la pili bila kujipinga.

#4 Mlinzi_wa_Mlango

Nashukuru kwa utaratibu huu, maana mimi napinga na nataka kupinga kwa hoja.

Ndoa katika sheria haikutungwa ili kuwapongeza watu wanaopendana. Sheria haina haja na mapenzi. Hakuna msajili anayeuliza kama bwana na bibi harusi wanapendana. Ndoa ilitungwa kwa sababu muungano wa mwanamume na mwanamke huzaa watoto, na jamii inahitaji kujua mtoto ni wa nani na nani atamlisha. Ndiyo maana kuna dhana ya ubaba: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa wa mume mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo ndiyo uti wa mgongo. Ukiitoa, kinachobaki ni mkataba wa kuishi pamoja, na mikataba haihitaji kuitwa ndoa.

Sasa kama shida ni mirathi, waandike wosia. Kama shida ni hospitali, waandike hati ya uwakilishi. Kama shida ni nyumba, waisajili kwa majina mawili. Kwa nini tubadilishe maana ya neno la maelfu ya miaka kwa jambo linalomalizwa na wakili siku moja?

#5 Hati_na_Muhuri

Ndugu Mlinzi, hoja yako ya watoto nitaiachia wengine. Nashika hii ya "wakili siku moja", maana ndiyo inayowaangusha watu wengi, na haiwaangushi wa jinsia moja peke yao. Inamwangusha yeyote anayeishi na mwenzake bila ndoa.

Mkataba unawafunga waliousaini. Haumfungi mtoza kodi, mfuko wa pensheni, afisa uhamiaji, wala ndugu wa marehemu. Hapo ndipo hati zote ulizozitaja zinapokwama.

Wosia. Nchi nyingi haziruhusu mtu kugawa mali yake yote anavyotaka. Ufaransa mwenye mtoto mmoja hawezi kumnyima mtoto huyo nusu ya mali. Wakiwa wawili ni theluthi mbili. Watatu na kuendelea ni robo tatu. Palipo na sheria ya mirathi ya Kiislamu, wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi. Kwa hiyo hata ukiandika wosia safi kabisa, mwenzi asiyetambuliwa anapata kilichobaki tu, kama "mtu baki". Na mtu baki hutozwa kodi kama mtu baki. Mfano unaojulikana ni wa Edith Windsor wa New York. Alifunga ndoa Toronto 2007, mwenzake Thea Spyer akafariki 2009, na urithi ulimfikia bila ubishi. Tatizo likawa sheria ya shirikisho ya 1996 ambayo haikumhesabu kuwa mwenzi wa ndoa, hivyo akadaiwa kodi ya mirathi ya dola 363,053 ambayo mjane wa ndoa ya kawaida asingedaiwa hata senti. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakibatilisha kifungu hicho tarehe 26 Juni 2013. Ile kodi haikuwa ya kumalizwa kwa wosia, hata ungeandikwa na mawakili kumi.

Hati ya uwakilishi. Kwa kawaida hufa na aliyeitoa. Na isipoandikwa mahususi kwamba itaendelea akipoteza fahamu, katika mifumo mingi hukoma wakati huohuo unaoihitaji, yaani anapokuwa hoi kitandani. Baada ya kifo ndipo maswali mapya huanza: nani anachukua mwili, nani anaandikwa kwenye cheti cha kifo. Kesi ya Obergefell, ambayo kwayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilifungua ndoa hizi kwa nchi nzima 2015, ilianzia hapo: mtu alitaka aandikwe kuwa mwenzi aliyebaki kwenye cheti cha kifo huko Ohio.

Pensheni. Hili ndilo kubwa na ndilo husahaulika. Mafao ya mjane au mgane hutoka kwenye kanuni za mfuko, na huwezi kumuusia mtu haki ambayo mfuko haukukupa. Katika kesi ya Walker, Mahakama ya Juu ya Uingereza 2017, tofauti kati ya kuhesabiwa na kutohesabiwa kwa miaka ya kazi ya kabla ya Desemba 2005, miungano ya kiraia ilipoanza kule, ilikuwa mafao ya mwenzi ya takriban pauni 1,000 kwa mwaka dhidi ya pauni 45,000 na zaidi.

Ukaazi. Hakuna mkataba wa faragha unaompa mtu viza.

Na gharama. Ndoa ni karatasi moja inayobeba yote hayo kwa mkupuo. Asiye nayo anahitaji wosia, hati mbili tatu za uwakilishi, mkataba wa mali na barua kwa kila mfuko, na kila moja lazima ihuishwe wakihama au wakinunua kiwanja. Kinachoharibika mara nyingi si hati mbaya. Ni hati ya zamani.

#6 Mlinzi_wa_Mlango

Hati, umenielewesha kwenye pensheni na kodi, nakiri wazi. Lakini hilo linanipeleka kwenye suluhisho la kati: tungeni sheria nyingine yenye jina lingine. Muungano wa kiraia. Haki zote za mali ziwemo, neno "ndoa" libaki lilipo. Kuna ubaya gani?

#7 MezaYaMuswada

Hiyo ni njia halali na ina historia ndefu, ndugu yangu. Denmark ilianza nayo tarehe 1 Oktoba 1989, miaka kumi na moja na nusu kabla ya ndoa ya Uholanzi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imesimama karibu na hapo ulipo: mwaka 2010, kesi ya Schalk na Kopf dhidi ya Austria, ilisema mkataba wa Ulaya hauilazimishi nchi kufungua ndoa, 2015, kesi ya Oliari dhidi ya Italia, ikasema lazima kuwe na mfumo fulani wa kisheria wa kuwatambua na kuwalinda. Yaani ndoa si lazima, utupu nao hauruhusiwi. Msimamo huo ulirudiwa Januari 2023 katika kesi ya Fedotova dhidi ya Urusi.

Ila "haki zote ziwemo" ni maneno mepesi mdomoni na mazito kwenye muswada. Kuna namna mbili za kuandika. Ya kwanza ni kifungu cha jumla: popote sheria nyingine inaposema mwenzi wa ndoa, isomwe pia mwenzi wa muungano. Ya pili ni kuorodhesha haki moja moja. Ya pili huvuja kila mara, kwa sababu hakuna mwandishi anayekumbuka sheria zote. Mkataba wa wenzi wa Ufaransa wa 1999 ulichagua kuwa chombo chembamba. Hadi leo mwenzi wa mkataba ule harithi chochote bila wosia, ana haki ya kubaki nyumbani mwaka 1 tu, na mmoja anaweza kuuvunja kwa tamko lake peke yake. Ni chombo kizuri kwa anayekitaka, na wengi wanaokitumia ni wa jinsia tofauti. Mtu asidhani tu kwamba amepata ndoa yenye jina jingine.

Italia, sheria namba 76 ya 2016, ilitumia kifungu cha jumla lakini ikatoa vipande viwili kwa makusudi: kuasili mtoto wa mwenzi kuliondolewa ili muswada upite Seneti, na wajibu wa uaminifu ulio kwenye ndoa haukuwekwa. Hicho cha kwanza kimezaa kesi nyingi tangu hapo, kwa sababu watoto walikuwepo hata kama kifungu hakikuwepo.

Shida ya pili ni mpakani. Ndoa ni neno ambalo karibu kila nchi inalijua. Muungano wa kiraia ukivuka mpaka, afisa wa upande wa pili anakosa kabati la kuuweka: huku una wajibu wa matunzo, kule hauna, huku unavunjwa mahakamani, kule kwa barua. Wanaohamahama ndio wanaoumia.

Na kuna shida ya tatu ambayo watunga sheria wengi hawakuitarajia. Uingereza ilipofungua ndoa kwa wote lakini ikaacha muungano wa kiraia kwa jinsia moja pekee, ikawa wa jinsia tofauti ndio wanaobaguliwa. Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2018, na tangu 31 Desemba 2019 mlango uko wazi kwa wote.

#8 Ustadh_Hamza

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mimi nina swali moja na nalisema kwa moyo mweupe. Kwetu ndoa ni akdi yenye nguzo zake: mume, mke, walii, mashahidi, ijabu na kabuli. Wakristo wana sakramenti yao. Sheria ya nchi ikibadili maana, kesho akaja mtu na cheti cha serikali msikitini au kanisani akasema nifungishe la sivyo nakushitaki, tunasimama wapi? Wasiwasi huu si wa kubuni, na mkiudharau mtawapoteza watu wengi kwenye mazungumzo haya.

#9 BintiMizani

Wa alaykum salaam ustadh. Hakuna anayeudharau, kila sheria iliyofanya jambo hili imelazimika kuujibu, nyingine vizuri, nyingine ovyo.

Kiini ni kutenganisha watu watatu: kiongozi wa dini, ofisa wa serikali, na mfanyabiashara. Wakichanganywa kwenye kifungu kimoja, kesi hazitaisha.

Kiongozi wa dini: hapa ulinzi ni mpana karibu kila mahali. Sheria ya Uingereza na Wales ya 2013 iliweka kinachojulikana kama kufuli nne. Hakuna taasisi ya dini wala kiongozi anayeweza kulazimishwa. Ndoa ya dini ya jinsia moja ni batili isipokuwa taasisi husika imejiandikisha yenyewe kutaka. Sheria ya usawa ikarekebishwa ili kukataa kusiwe ubaguzi wa kushitakiwa. Na Kanisa la Uingereza, ambalo kwa desturi lina wajibu wa kumfungisha yeyote wa parokia, likaondolewa wajibu huo kwa wanandoa wa aina hii. Uone walivyofikiria: kufuli moja ingemlinda kasisi lakini ikaacha jengo, au ikalinda jengo ikaacha kesi ya ubaguzi.

Ofisa wa serikali: hapa ndipo penye mvutano wa kweli. Afrika Kusini, kifungu cha 6 cha Sheria ya Muungano wa Kiraia ya 2006 kilimruhusu ofisa aandike barua ya kukataa kwa sababu za dhamiri. Kilichotokea ni suala la hesabu tu. Ofisi ndogo yenye ofisa mmoja, naye amekataa, haina huduma, na raia anafukuzwa na serikali yake mwenyewe. Kifungu hicho kilifutwa 2020. Ulaya, Mahakama ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg 2013 ilikataa madai ya msajili wa Uingereza aliyegoma kuandikisha miungano ya kiraia. Mimi naona waajiri wangeweza kupanga zamu, ofisa mwingine akashika nafasi bila raia hata kujua. Lakini lazima sheria iseme kwamba huduma haikosekani katika ofisi yoyote, la sivyo dhamiri ya mmoja inakuwa kufuli kwa mji mzima.

Mfanyabiashara sitamgusa sana, kwa kuwa hayo ni ya sheria ya usawa wa huduma, si ya ndoa. Yalikuwepo kabla na yangekuwepo hata bila ndoa.

Na ustadh, nguzo za akdi ulizozitaja hazibadiliki kwa tangazo la serikali. Nchi nyingi tayari zina talaka ya mahakama ambayo Kanisa Katoliki haiitambui, na maisha yanaendelea kwa sajili mbili zisizolingana.

#10 Ustadh_Hamza

Nimekuelewa, binti. Msimamo wangu wa dini uko palepale, ila kwenye sheria hizo kufuli nne ndiyo ningetaka zisomwe neno kwa neno kabla ya muswada wowote kupigiwa kura. Zisiachwe zitungwe kwenye kanuni za waziri baadaye.

#11 Hati_na_Muhuri

Sasa nirudi kwa watoto, maana Mlinzi alisema kweli: dhana ya ubaba ndipo mahali pagumu zaidi pa kiufundi.

Kwanza, jibu la Jaji Albie Sachs wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Fourie, tarehe 1 Desemba 2005: sheria ya kiraia haijawahi kudai uzazi kuwa sharti la ndoa. Wazee waliopita umri hufunga, wagumba hufunga, waliokubaliana kutozaa hufunga, na mfungwa asiyeonana na mkewe hufunga. Hoja ya uzazi inaeleza kwa nini ndoa ilianza. Haielezi mpaka wake.

Lakini hilo halimalizi kazi. Ukibadili "mume na mke" kuwa "wenzi" peke yake, mtoto anayezaliwa ndani ya ndoa ya wanawake wawili ana mama mmoja kisheria. Wa pili ni mgeni. Uholanzi ilifungua ndoa 2001, lakini mke wa mama alihitaji kupitia utaratibu wa kuasili mpaka sheria ya 1 Aprili 2014. Ubelgiji ilifungua ndoa 2003, kuasili 2006, umama wa pili ukaanza 2015. Ureno ndoa 2010, kuasili 2016. Thailand, sheria iliyoanza tarehe 23 Januari 2025 ilibadili mume na mke kuwa wenzi wa ndoa kwenye Kanuni ya Madai, ila maneno baba na mama yakabaki yalivyo. Marekani nayo, miaka miwili baada ya Obergefell, ilibidi Mahakama ya Juu iiambie Arkansas, katika kesi ya Pavan dhidi ya Smith, kwamba kama inamwandika mume kwenye cheti cha kuzaliwa hata pale mbegu zilipotoka kwa mchangiaji, basi imwandike na mke. Madhara yanajulikana: mama aliyejifungua akifariki katika pengo hilo, mtoto anabaki hana mzazi kisheria huku mzazi wake yuko sebuleni.

Ireland ilicheza vizuri hapa. Kabla ya kura ya maoni ya 22 Mei 2015 Bunge lilipitisha kwanza sheria ya watoto na mahusiano ya familia. Mpiga kura akawa anajibu swali moja tu, na asilimia 62 wakasema ndiyo.

Neno la pembeni kwa watakaoandika kwa Kiswahili, liwe la kuruhusu au la kukataza. Lugha yetu haina shida ya "yeye", hilo halina jinsia. Shida iko kwenye kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ukiandika "mtu aliyeoa" umeshachagua jinsia bila kukusudia, na wakili mjanja atakushika hapo. "Kufunga ndoa" na "kuoana" havichagui. Mjane na mgane pia vinagawanyika, hivyo "mwenzi aliyebaki" ni salama zaidi.

#12 Mlinzi_wa_Mlango

Mzee Hati, hoja ya wagumba naijua na bado nasema sheria hutungwa kwa kawaida, si kwa nadra. Tubaki hapo kila mmoja na lake.

Ninachotaka kusema sasa ni nani anayeamua. Hata ningekuwa upande wenu, ningeudhika na majaji. Obergefell ilipita kwa kura 5 dhidi ya 4. Mtu mmoja akaamua kwa majimbo 50. Jaji Mkuu Roberts aliandika kwenye upinzani wake kwamba Katiba haikuwa na la kusema kuhusu jambo hilo, na kwamba waungaji mkono wenyewe walipoteza nafasi ya kuwashawishi wenzao. Majaji wa India walikuwa wanyenyekevu zaidi: walisema Sheria Maalumu ya Ndoa ya 1954 imesukwa na sheria nyingi nyingine, na kuisoma upya ni kutunga, si kutafsiri.

#13 BintiMizani

Ndugu Mlinzi, kwenye hili tunakaribiana kuliko unavyodhani. Hukumu isiyo na sheria nyuma yake huacha matundu yote aliyoyataja Hati. Ila kuna namna ya kati: mahakama inatamka kwamba hali iliyopo inakiuka Katiba, halafu inasimamisha amri yake na kulipa Bunge muda. Fourie ilitoa miezi 12, na sheria ikaanza tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha. Taiwan, mahakama ya katiba kwa tafsiri yake namba 748 ya 24 Mei 2017, ilitoa miaka 2. Katikati, Novemba 2018, wapiga kura wakakataa Kanuni ya Madai iguswe. Bunge likatunga sheria ya pekee iliyopewa jina la tafsiri yenyewe, ikaanza 24 Mei 2019. Ililinda hukumu na kura kwa pamoja, lakini ilikuwa na mapengo: awali mtu angeweza kuasili mtoto wa damu wa mwenzake tu, na mgeni kutoka nchi isiyotambua alikataliwa. Yote mawili yalirekebishwa 2023.

Njia ya Bunge nayo huanguka ikipitia mlango usio wake. Jimbo la mji mkuu wa Australia lilitunga sheria yake 2013. Mahakama Kuu ya nchi ikaibatilisha siku chache tu baada ya ndoa za kwanza, kwa kuwa ndoa ni mamlaka ya shirikisho, na walioana wakaambiwa hawakuwahi kuoana. Slovenia, Bunge lilipitisha 2015, kura ya maoni ikaikataa Desemba hiyohiyo, Mahakama ya Katiba ikaja kuamua 2022. Bermuda, mahakama ilifungua 2017, Bunge likafunga, na Baraza la Faragha huko London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya rufani ya Bermuda, likaafiki kufungwa Machi 2022.

Halafu kuna nchi ambazo mlango wa mahakama umepigwa msumari ndani ya Katiba. Kenya, ibara ya 45(2) ya 2010, inampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ibara ya 40 ya 2006, ni vilevile. Uganda ilikwenda mbali zaidi 2005 na kuandika kwamba ndoa za jinsia moja zimepigwa marufuku. Someni tofauti: kutoa haki kwa kundi moja hakusemi moja kwa moja kwamba Bunge limekatazwa kutambua chochote kwa wengine, kupiga marufuku kunasema. Mtu anayedai mabadiliko, au anayeyazuia, asianze na kesi kabla hajajua ameandikiwa ipi.

#14 Kidato_cha_Sita

Asanteni wakuu. Swali la mwisho: watu wakifunga ndoa nchi inayoruhusu kisha wakarudi nchi isiyoruhusu, halafu wakagombana? Si wamalize tu, kwa kuwa ndoa haipo?

#15 Hati_na_Muhuri

Hapana kijana, na huo ndio mtego ambao watu hawaambiwi siku ya sherehe. Kule walikofunga bado ni wanandoa. Nchi wanayoishi haiwezi kuwaachanisha, kwa kuwa haiwezi kuvunja kisichokuwepo machoni pake. Na nchi iliyowafungisha mara nyingi hudai uwe mkazi ndipo isikilize talaka. Kufunga huchukua siku, talaka hudai makazi ya mwaka. Canada ilikuta wageni wengi wamekwama hivyo, kwa kuwa sheria ya talaka ilidai mwaka 1 wa ukaazi, na 2013 ikatunga sheria ya kuwaruhusu waombe talaka kule walikofungia hata kama si wakazi.

Anayekwama asifunge ndoa mpya popote kabla ya kuivunja ya kwanza. Akihamia nchi inayotambua, ile ya zamani inafufuka naye na ya pili inakuwa batili, pengine na kosa la jinai juu yake. Aanze kwa kuuliza mambo mawili kwenye mamlaka ya mahali alikofungia: kuna njia ya talaka kwa wasio wakazi, na je, wote wawili lazima wakubaliane? Atunze cheti halisi, si nakala. Mali za nchi anayoishi azigawe kwa mkataba wa kawaida wa wamiliki wawili, maana mahakama ya pale haitatumia kanuni za ndoa.

Na kwa waandishi wa miswada, jambo moja la tarehe. Uingereza iliporuhusu miungano ya kiraia igeuzwe kuwa ndoa, kuanzia 10 Desemba 2014, iliandika kwamba ndoa ihesabiwe tangu siku ya muungano, si siku ya kugeuza. Ingeandikwa siku ya kugeuza, watu wangepoteza miaka hadi tisa kwenye hesabu ya pensheni na ya mgawanyo wa mali, bila yeyote kuligundua mpaka mmoja wao afariki.